Utepe wa Tandiko la Clive

Wifi yangu Hazel,

Huku Ludlow ni mvua tu, na keki ya klabu yetu ya baiskeli imeungua tena. Tangu kaka yako Clive apooze, kitanda chake kiko sebuleni, kwa hiyo imebaki nafasi ya baiskeli moja tu, itakayofaa kwa matembezi na kwa mbio za kushindana na saa pia. Kutwa nzima nimezitoa baiskeli zetu mbili na kuzirudisha, mpaka Clive akanifokea: "Uza yako, bibi wee! Ile ya mbio ukienda nayo dukani utavunja mayai yote. Bakisha yangu, uifungie vishikio vya mbio."

Nimekubali, nikashusha tandiko la baiskeli yake linifae mimi. Akasema, "Na ule utepe kwenye nguzo ya tandiko, unaoonyesha urefu wangu wa kukalia, ubandue."

Nimemwambia gundi imegoma. Usimwambie kwamba sijajaribu.

Wifi yako,
Maureen