Dengu za Mama Mkwe Zimegoma Kuiva

Gulchaman, kaa chini kwanza. Hili utasema natunga.

Unamkumbuka mama yake mchumba wangu Shodmon? Yule aliyenicheka mwaka jana nilipozimia kwa joto jikoni kwake Kulob, mbele ya wageni wote? "Huyu wa milimani, jua dogo tu chali!" CHALI, alisema!

Leo kaja kwetu Murghab, na Shodmon nyuma yake. Kapanda milima siku mbili, kafika anahema, na bado kaingia jikoni kutuonyesha pilau ya dengu inavyopikwa. Wazee wetu wote wamealikwa.

Mama yangu akampa sufuria ya presha. Akaisukuma kule. "Hiyo ya wavivu. Kwetu dengu saa moja tu, tayari!"

Kwenu bondeni, sawa. Huku juu maji yanachemka kabla hayajapata moto wa maana. Bila presha, dengu utazichemsha mpaka kesho. Nilijua. Nikanyamaza. Nikawa namwongezea samadi kavu motoni, ndiyo kuni zetu huku, natabasamu.

Masaa manne, shoga! Wazee wanasinzia kwa njaa. Akapakua kwa hasira, akaonja wa kwanza. KRAK! Jino lake la dhahabu likadondoka kwenye sahani!

"Mbona hukuniambia, binti?"

"Mama, nani huku angethubutu kumfundisha mpishi wa Kulob?"

Mzee mmoja alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Sasa Shodmon yuko mlangoni. Eti nimwombe mama yake radhi sasa hivi, la sivyo harusi hakuna. Nampenda, lakini sijutii hata punje moja.

Wewe ungeomba?