Baiskeli Yako ya Kijani

Mtaa wa Beckside,
Otley, Yorkshire,
Uingereza.
18 Januari 2015

Mpendwa Shangazi Hester,

Pokea salamu zangu za heshima. Goti lako linaendeleaje? Natumaini jua la huko New Zealand linalitibu vizuri kuliko dawa. Mimi ni mzima wa mwili. Baba anakula kidogo, na kuzungumza ni kidogo hata kuliko kula.

Sitakuficha, Shangazi. Tangu tumzike Mama, nyumba imepoa kama jiko lisilo na kuni. Baba hajapanda baiskeli tena. Ile safari yao ya baiskeli hadi Whitby, kule pwani, kila Pasaka, na mizigo myepesi kwenye keria, haitajwi kabisa. Nilijiambia moyoni kwamba nikipata baiskeli ya chuma inayofaa baridi na safari, atakubali twende naye.

Nikaitafuta kwa bidii, lakini nikaichagua kwa macho tu. Ni nyekundu, nyembamba, inang'aa. Nilipoifikisha nyumbani, Baba alijaribu kupitisha kidole kati ya tairi na fremu, kikakwama. "Madigadi yatakaa wapi, mwanangu? Hii ni ya kiangazi," akasema, akarudi kukaa dirishani. Afadhali angenigombeza.

Jumapili iliyopita nilikwenda nayo hivyo hivyo kwenye msafara wa chama chetu cha baiskeli. Unaijua sheria ya majira ya baridi: asiye na madigadi, tena yenye ulimi mrefu wa plastiki kwa nyuma, asimtangulie mtu, asije akamrushia matope. Kwenye mteremko nikajisahau, nikawapita wawili.

"We binti, hiyo baiskeli au bomba la maji?" Bwana Threlkeld akapiga kelele, uso wote matope.

"Mwache bwana, anatubatiza!" Bi Ackroyd akacheka, kisha akaniambia kwa upole, "Nyuma kabisa, mpenzi."

Nilikaa nyuma hadi mgahawani. Huko kila mtu aliniuliza, "Baba yako yuko wapi siku hizi?"

Baiskeli yako ya kijani bado inaning'inia kibandani chini ya blanketi. Ni chuma imara, ina nafasi tele ya tairi nene na matundu ya kufungia keria. Madigadi yako yapo, ila hayana ulimi, kwa kuwa wewe, Baba husema, ulipenda kuwa wa mwisho. Juzi nilipoigusa aliniambia, "Hiyo ya dada yangu. Iache." Nililia, Shangazi. Niliona Whitby imekwisha, na Baba naye anakwisha pale pale dirishani.

Hapo ndipo nilipoiacha barua jana. Leo asubuhi nimekwenda kibandani kuchukua kuni, nikakuta baiskeli yako imeteremshwa na kiti kimeshushwa hadi kimo changu. Kwenye madigadi ya nyuma kuna ulimi mpya, uliokatwa kwenye chupa ya maziwa. Nimeutazama sana. Ulimi ule haumkingi mpandaji, Shangazi, humkinga anayemfuata.

"Baba, ni wewe uliyeiteremsha?" nikamwuliza.

"Muulize shangazi yako kama anaruhusu," akajibu. Alikuwa ameligeuzia dirisha mgongo.

Basi nakuuliza. Tafadhali nijibu upesi, asije akabadili nia.

Nisalimie binamu zangu Rowan na Tamsin. Mungu akulinde, na barabara ziwe kavu mbele yako.

Wako akupendaye,
Effie Lumb