Damu Yangu Imenisemea Vibaya

Leo siku ya ine ya juma. Mvua tangu asubui, ukungu imekalia kijiji yetu Ngungu kama kuku juu ya mayai. Naandika na kidole kimoja mu telefone. Masomo sikuyamaliza, mutanivumilia. Lakini mambo ya nguvu, hakuna mwenye atanifundisha.

Mimi njo nilikuwaka nabeba bidon mbili zimejaa maziwa, moja kila mukono, toka malishoni mpaka barabarani, bila kupumuzika. Ulizeni. Hata wakati vita ilitukimbiza mpaka Sake, ngombe zangu zote zilifika.

Mwezi uliopita nilianguka nyuma ya ngombe. Nilianguka tena. Mutoto wangu Bahati akasema: "Papa, ngombe ziende kwa baba mudogo. Utakufia kule kilimani."

Nikakataa. Nilitaka alama, hapana midomo ya batu.

Kuko mama munganga wa hospitali mwenye anapimaka mu damu namna misuli inapokea kazi. Alinieleza: musuli ikitumika, inaachilia vitu bidogo sana mu damu, kama vile moshi inasemaka jikoni kuko moto. Wanatoa damu mbele ya mazoezi, wanatoa tena nyuma, wanalinganisha. Nikamwambia Bahati: damu njo itaamua. Ikisema misuli ingali inajibu, ngombe zinabaki kwangu. Isipojibu, ndugu yangu mudogo azichukue.

Munganga alinikataza kazi ya nguvu mbele ya kupimwa. "Pumuzika tu, Papa."

Nilimucheka ndani ya roho. Dume yenye unapeleka kuonyesha batu, nani anailalisha? Unaitembeza kwanza, mishipa inasimama, ngozi inang'aa. Njo vile tunafanyaka sisi wa ngombe. Basi siku moja mbele ya kupimwa, nikaweka bidon imejaa mu bega, nikapanda nayo kilima chote, nikashuka nayo. Miguu ikatetemeka kama ya ndama yenye imezaliwa sasa hivi. Nikasema: muzuri, damu inaamuka.

Kule wakatoa damu, wakanipandisha na kunishusha ngazi ya mbao mpaka nikalowa jasho, wakatoa ingine. Nilipanda mbiombio. Wauguzi wakacheka: "Polepole Papa, hakuna ngombe mbele yako!"

Leo munganga ametuita, mimi na Bahati. Akasema damu ya kwanza ilikuwa imejaa alama za misuli.

Nikaruka. "Imejaa! Si nilisema?"

Akatikisa kichwa. "Papa, kujaa huku si nguvu. Ni misuli yenye imepasuka njo inamwagikia mu damu. Ulifanya kazi gani?"

Ilibidi nimwambie. Bahati akaangalia chini.

Na zile alama zenye zilipaswa kupanda nyuma ya ile mazoezi ya ngazi hazikupanda hata kidogo. Pengine ni ile bidon, akasema, pengine ni uzee. Hawezi kutenganisha. Nipumuzike kweli, nirudi apime tena.

Mutoto wangu mwenyewe akanisihi: "Papa, tungoje basi."

Na mimi nikajibu nini? Nikajibu: "Nilisema damu itaamua. Imeamua. Mimi sirudishake neno langu."

Huu mudomo wangu!

Nilizani atanishika mukono, atanilazimisha. Alitoa telefone, akamupigia baba mudogo. Saa sita ndugu yangu amekuja na koti ya mvua. Akaniita inje: "Kaka mukubwa, toka basi unipe baraka." Nikamujibu toka ndani niko nakunywa chai. Hakukuwa chai. Nilikuwa nimekaa kitandani na magoti yananiuma, nasikia kwato za ngombe zangu zinafyonza matope, ya mwisho ikapita, basi.

Sitajua kamwe kama ni uzee ao ni ujinga wangu. Nikirudi kupimwa na damu iseme niko muzima, itanisaidia nini? Nitamunyanganya ndugu yangu?

Kutakucha tu, hata kwangu. Mikono yangu itaamuka mbele mimi niamuke, itatafuta kitu ya kukamua. Nitaiambia nini?