Mwenge Unaozimika Wenyewe

Jumanne, baada ya kazi

Wewe rafiki yangu uliyefungua daftari hili, nakusihi usimsomee mtu hata mstari mmoja.

Siku nne sasa nachora mwenge, nembo ya Chama tawala, kwenye kompyuta, picha kwa picha, ili moto ucheze. Mimi ni karani. Nilipewa kazi hii kwa kuwa najua kupiga mashine. Moto unacheza vizuri, halafu programu inajiongezea picha tupu mwishoni, na mwenge unazimika. Nikiifuta picha hiyo, inafuta zote bila kuuliza. Nikitaka kutoka, hapo inaniuliza mara tatu kama nina hakika. Aliyeitengeneza hajawahi kuogopa mkubwa wake.

Leo directeur, mkubwa wetu, aliinamia kioo cha kompyuta na kuniita mwananchi kwa Kifaransa, kama Chama kinavyotaka.

"Citoyen, mwenge ya Chama iko inazimika?"

"Iko inapumzika, citoyen directeur."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Kesho gavana anakuja kuutazama, na directeur ameshasema kwamba yeye hakuona kitu.

Naogopa. Nimecheka pia, chooni, mdomo nimeuziba.

Kuanzia kesho usinitafute ofisini. Pita mtaa wa Kabondo kwa mjomba wangu, tonton Alphonse, nyuma ya kanisa, useme umeleta pampu ya baiskeli. Nikisikia hivyo, nitatoka mwenyewe.