Samaki Kabla ya Komunyo

Goma, siku ya Mungu ya mwisho kabla ya Kwaresima, 1956

Ukungu haujaondoka juu ya ziwa tangu asubuhi, na mimi nimejificha nyuma ya nyumba. Mama amekwenda kumuona dada yake. Kaye yangu, daftari langu la siri, leo nakuandikia jambo ambalo sikumuambia hata Padri.

Ninaiba chakula.

Si kwa njaa. Kwetu tunakula vizuri. Papa anaendesha kamyo ya barabara ya Rutshuru, na kila akipita Vitshumbi anatuletea samaki wa chumvi. Ninaweza kutoka mezani nimeshiba, mudomo nimekwisha kuupangusa, na baada ya muda kidogo mukono wangu uko ndani ya sukari. Ninauona ukienda. Ninauambia acha. Hausikii. Mamasista walitufundisha jina lake kwa Kifaransa, gourmandise, na kwa Kifaransa ni neno zuri, kama jina la keki. Kwa Kiswahili ni ulafi.

Nimejaribu mambo mengi. Kunywa maji mpaka tumbo lilie kama mutungi. Salamu Maria kumi. Kutafuna kijiti. Kukalia mikono yangu miwili, wadogo zangu wakinicheka kwamba ninaatamia mayai.

Siku za Mungu tatu zilizopita, hakuna kilichosaidia. Mama anapika samaki jumamosi jioni, kwa mawese, ili tuwale kesho yake, siku ya Mungu, tukitoka misa, kwa sababu anayetaka kupokea komunyo hali kitu tangu saa sita ya usiku. Maji tu. Na mimi ndiye ninayeamka wa kwanza kuwasha moto. Nje bado giza, mulima wa moto umewaka mwekundu juu ya mawingu, na chungu kiko pale. Mara ya kwanza nililamba kidole. Kisha nikala kipande kizima, na mifupa nikaitupa motoni.

Na nikaenda kupokea.

Niliogopa watu kuliko nilivyomuogopa Mungu. Mwaka jana binti wa jirani yetu mushonaji alibaki amekaa kwenye benchi misa mbili, wenzake wote wakienda mbele kupokea. Jumatano haijafika, kule tunakochota maji ziwani, wamama walikuwa wamekwisha kumupatia kijana, na mwezi wa kuzaa pia. Kama ilikuwa kweli, sijui. Alipelekwa Butembo kwa nyanya yake, na hatujamuona tena.

Basi nilipokea mara tatu na samaki tumboni. Jana nilikwenda kuungama. Nilitaja uongo, uvivu, kumujibu Mama vibaya. Ile zambi moja nikairuka. Padri akanibariki, akaniambia niende kwa amani.

Tangu hapo, kila ninapomeza kitu, hata maji, ninasikia kama kuna mwingine anayemeza pamoja nami.

Na leo asubuhi nilikula vipande vitatu. Nimesimama gizani, kwa mukono, bila kutafuna vizuri.

Kengele ya komunyo ilipolia, miguu yangu ilikataa. Mama alinigusa kwa kiwiko. Alininong'oneza nisimame, watu wanangoja. Nikatikisa kichwa. Ikabidi apite mbele ya magoti yangu, na benchi nzima ikapita nyuma yake, kitenge kwa kitenge, kila mumoja akiinamisha macho aone ni nani.

Njiani Mama alitembea mbele yangu juu ya mawe meusi, haraka, kama ananikimbia. Nyumbani aliwatuma wadogo zangu nje, akafunga mulango.

« Ni kijana gani? »

« Si kijana, Mama. Ni samaki. »

« Kavira, usinifanye mujinga. »

Nikafunua chungu, nikamuonyesha. Nikamuambia yote, zile siku tatu, na jana kwa Padri. Sijawahi kuongea maneno mengi hivyo mbele yake. Alitazama chungu, akanitazama mimi, kisha akakaa chini pale pale. Nilifikiri atanipiga. Nilitamani anipige.

« Mimi ninakuamini, » alisema. « Lakini kule ziwani nitawaambia nini? Mutoto wangu alikula samaki? Nani atakubali ile? »

Alinipakulia sahani, akaniambia nikae kama mutu, nile mbele yake, polepole. Nilikula. Sikusikia ladha yoyote.

Tumepatana mambo mawili. Siku ya Mungu moto atauwasha yeye, mimi nitalala mpaka aniite, hata kama ni aibu, na miaka yangu kumi na tano, kulindwa nisikaribie chungu. Na jumamosi nitarudi kwa Padri. Nitaanza na ile niliyoiruka, kabla woga haujapata nafasi ya kunifunga mudomo.

Lakini jumamosi ni mbali. Kesho ni kuchota maji. Wamama watanisalimia vizuri, wataniuliza habari ya masomo, na macho yao yatakuwa kwenye tumbo langu. Kesho, na mwezi ujao, na ule mwingine, wakingoja.

Na mimi ninajijua. Hata sasa ninapoandika, nimeshiba sahani nzima, na mukono huu wa kushoto unataka sukari.

Nisipouzuia, nikinenepa, si nitawaletea mimi mwenyewe lile tumbo wanalolingoja?