Baba, Unafyeka

Jumapili jioni, katikati ya Agosti. Chuno, Mtwara.

Kusi limevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi kwenye kabati la vyombo. Mama Zuhura amefagia, amefagia tena, mwisho amekata tamaa, sasa anaangalia tamthilia yake. Mimi nimekaa barazani na simu. Naandika hapa kwa sababu mambo ya aina hii mwanaume wa umri wangu hana pa kuyasemea. Nikiyapeleka kijiweni nitataniwa hadi Ramadhani.

Leo nimepiga mpira wa gofu ukaenda moja kwa moja.

Tena si mmoja, ni karibu yote. Ilipaa, ikanyooka katikati ya safu mbili za mikorosho, ikadondoka palepale nilipokuwa nimepakodolea macho. Mwingine angerudi nyumbani anapiga mluzi. Mimi niliketi juu ya ndoo niliyoipindua, nikajisikia kama mtu aliyeambiwa kesho asije kazini.

Sababu ni Zuhura.

Zuhura ni binti yetu, na hatuna mwingine. Yuko Arusha, anakaa mapokezi kwenye klabu moja ya gofu. Mchezo wenyewe ameujulia huko huko, maana jioni wageni wakishaondoka wafanyakazi huruhusiwa kupiga mipira kidogo. Kutoka Arusha hadi Mtwara unakata nchi nzima, na likizo yake akiipata nusu inaishia barabarani. Kwa hiyo tunaishi kwa simu.

Na mimi simu siiwezi. Nashangaa mwenyewe, kwa sababu mimi ni wakala wa forodha. Bandarini naongea kutwa, na madereva wa malori, na maofisa, na watu wa meli, na hakuna aliyewahi kunilalamikia kwamba nimepungukiwa maneno. Lakini nipe binti yangu kwenye simu uone. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, hujambo?" "Sijambo." "Kazi?" "Nzuri." "Haya, mama yako huyu hapa." Basi. Halafu naenda chumbani, nasikia ukutani mke wangu anacheka naye hadi wali unashika chini.

Nilikuwa namwonea wivu mke wangu. Naliandika kama lilivyo.

Idi ya kuchinja Zuhura alikuja na fimbo moja ya chuma, namba saba, kuukuu, pamoja na mfuko wa mipira iliyochubuka. Alisema hataki mkono usahau. Hapa kwetu uwanja wa gofu mimi sijauona, kwa hiyo nilimpakia kwenye pikipiki tukaenda kwenye mikorosho yetu ya urithi, njia ya Msimbati, ambako dada yangu Somoe ndiye mwangalizi. Palizi ilikuwa imeshapita. Chini ya mikorosho palikuwa peupe, na kati ya safu na safu pana nafasi ya kutosha kupiga mpira bila kuumiza mtu. Nikamtazama akipiga. Mtoto niliyemfundisha kuendesha baiskeli alizungusha ile fimbo taratibu, kama hana haraka na chochote duniani, na mpira ukaondoka.

Nikasema nipe nijaribu.

Nikapiga kwa nguvu zangu zote. Mpira ukapinda kulia ukaingia kwenye mihogo ya Dada Somoe. Zuhura alicheka hadi akakaa chini, kanga yote mavumbi. "Baba, unafyeka!" akasema. "Wallahi baba, unafyeka!"

Alikuwa sahihi. Mtu aliyekulia kwenye korosho anajua kufyeka kabla hajajua kuandika jina lake. Na fyekeo lina taratibu zake. Unalibana lisikuponyoke. Unatumia mkono, kiwiliwili kinakaa palepale. Uzito unauacha mguu wa nyuma, ili chuma kikipitiliza kisikukate mguu wa mbele. Mimi nina kovu kwenye muundi la siku niliyojisahau. Sasa yote yale yanayokuokoa mguu shambani ndiyo yanayouharibu mpira wa gofu. Zuhura alinieleza kwamba hata yeye alianza hivyo hivyo, na mwalimu wao alimuuliza amejifunza wapi namna ile ya kupiga. Aliona haya kumjibu.

Alipoondoka aliniachia fimbo. Akasema kila Jumapili nijirekodi video nimtumie, jioni atanipigia aniambie nakosea wapi.

Kila Jumapili atanipigia. Mimi, si mama yake!

Kosa la kwanza lilikuwa kubana. Nilikuwa naikaba ile fimbo hadi vidole vinakuwa vyeupe, na mkono ukikazana, bega linakazana, mpaka taya. Dawa yake, alisema, ni kuishika kama nimeshika kifaranga ninayemhamisha kutoka tenga moja kwenda jingine. Asitoroke, asife. Na mkono wa kushoto niugeuze kidogo kulia, hadi nikitazama chini nione vifundo viwili vya vidole. Nilifanya mazoezi hayo hata ofisini kwa kalamu. Karani wetu alidhani nina ganzi.

Halafu likaja suala la mguu wa nyuma. Nilikuwa naegemea nyuma huku najaribu kuuchota mpira ili upae. Zuhura anasema wanaoanza karibu wote wana hilo, wanataka kuusaidia mpira kupaa, na fimbo imeshatengenezwa na mshazari wake, uso umelala kidogo nyuma, inajua kazi yake. Wewe piga mpira kwanza, udongo baadaye, na ukimaliza uwe umesimama mguu wa kushoto, kisigino cha kulia kiko juu, kitovu kinatazama ulikopeleka mpira. Jambo dogo kuliandika. Mwili wangu ulikataa. Kila nikitaka kuhamia mguu wa kushoto, muundi ulikuwa unakumbuka.

Kubwa kuliko yote lilikuwa lile la fimbo kushuka kutoka nje, kwa kupitia juu ya bega, badala ya kuja karibu na mwili. Hilo ndilo lililokuwa linapinda mipira kulia na kunigombanisha na dada yangu. Dawa yake ni kuweka kitu nyuma kidogo ya mpira, upande wa nje, ukakikwepa. Niliweka kandambili. Pigo la kwanza kandambili ilienda mbali kuliko mpira.

Dada Somoe alikuwa amesimama na jembe begani. Nikamwamkia, "Shikamoo dada." "Hamisi," akasema, "unafyeka nini hapo na nyasi hakuna? Nkorosho huo una maua. Ukiniangushia shada hata moja, nakuvunjia hiyo fimbo kwenye nguu wako." Nikageukia upande wa pili.

Kosa jingine ni haraka. Nilikuwa nikiifikisha fimbo juu naanguka nayo papo hapo, kama mtu anayefukuzwa. Zuhura akaniambia nivute pumzi wakati napandisha, nikifika juu nitue kidogo, ndipo nianze kushuka kwa nyonga, mikono ifuate. "Mikono ni abiria, baba," alisema. Hilo nililipenda.

Lakini siyo hayo niliyokuwa nayasubiri wiki nzima.

Nilikuwa nasubiri yanayokuja baada yake. Anamaliza kunieleza kosa, halafu hakati simu. Siku tuliyozungumzia kubana alisema, "Hata mimi leo nimebana kila kitu, baba," akanihadithia mgeni aliyemfokea mbele za watu kwa kosa ambalo si lake, akaenda kulia stoo kati ya mifuko ya mbolea ya majani. Mama yake hakuwahi kulisikia hilo. Siku nyingine alinieleza baridi ya huko, analala na soksi na sweta, na harufu ya chumba chake mvua ikinyesha. Akaniuliza kama ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, imeanza kuuzwa sokoni. Nikamwambia imeanza. Akasema ana hamu nayo hadi mate yanamtoka. Nilikaa na simu sikioni hata baada ya yeye kukata.

Ndiyo maana leo nilikaa juu ya ndoo nimenuna. Nikimtumia video ya leo ataona hakuna kosa. Atasema hongera baba, umeiva. Halafu? Korosho zitaanza kuanguka, shamba litajaa waokotaji, bandari iliyopoa sasa itafurika malori na mimi sitakuwa na Jumapili. Ataniambia shikamoo, nitamwambia marahaba, na nitampa simu mama yake.

Video sikuituma.

Nimerudi nyumbani, nikaoga, nikakaa hapa barazani kuangalia video za nyuma, kwa uchungu tu, jinsi mtu anavyobonyeza jipu. Wiki zote hizi za karibuni kosa lilikuwa moja. Zuhura alikuwa ananiambia nainua kichwa mapema, nina haraka ya kuona mpira unakwenda wapi kabla sijaupiga. Aliniambia nitazame alama ya mpira ardhini hadi bega la kulia linipite kidevuni. Nilifanya. Wiki iliyofuata akasema bado, baba, kinainuka. Iliyofuata vilevile.

Simu huwa naiegemeza kwenye ndoo, haitikisiki. Kwenye video, nyuma yangu kuna panda ya mkorosho, na kofia yangu iko sawasawa na ile panda. Nikaangalia. Napandisha fimbo, kofia iko palepale. Nashusha, iko palepale. Napiga, mpira unaondoka, bado iko palepale. Nikafungua ya wiki iliyotangulia. Palepale. Nikafungua ya kabla ya hapo.

Kichwa changu hakiinuki. Hakijainuka kitambo.

Nilikasirika, sifichi. Nikaenda hadi sebuleni nikamwambia Mama Zuhura kwamba mtoto haziangalii hizo video, anasema lolote linalomjia mdomoni ili amalizane nami haraka. Nimepigwa na jua la bure. Nimetukanwa na Dada Somoe bure.

Hakuondoa macho kwenye runinga. "Baba Zuhura, si umpigie umuulize? Simu unayo mkononi."

Nikarudi barazani, nikampigia. Sijawahi kumpigia mimi, huwa anapiga yeye.

"Shikamoo baba. Kuna nini? Mama mzima?"

"Marahaba. Mama mzima. Zuhura, kichwa changu hakiinuki."

Nikasikia anafunga mlango.

"Nimeangalia video zote," nikasema. "Kofia haitoki mahali pake. Unaziangalia kweli?"

"Naziangalia, baba. Naziangalia kila siku nikitoka kazini."

"Sasa mbona unasema kinainuka?"

Akavuta pumzi. "Kilikuwa kinainuka. Halafu kikaacha."

"Kikaacha, na wewe ukaendelea?"

"Ningesema umepona, baba," sauti yake ikawa ndogo, ile ya zamani ya alipokuwa na homa, "ungenipa mama."

Hapa barazani kulikuwa na vumbi, naweza kulisingizia, ila macho yangu hayakuwa ya vumbi. Muda wote huo nilidhani ni mimi tu ninayeomba kosa lisiishe. Kumbe Arusha kuna mtu amekaa na sweta na soksi anaangalia video ya baba yake akipiga mpira vizuri, anatafuta cha kulaumu na hakioni, anaamua kukitunga.

Nikataka kumwambia habari za leo, kwamba mipira imenyooka. Nikaziacha. Nikatafuta neno jingine, na ninavyojijua, nilikuwa karibu kabisa kusema haya, mama yako huyu hapa. Mama Zuhura alikuwa amepunguza sauti ya runinga. Nilimwona kupitia mlangoni, hageuki.

"Nimekukumbuka, mwanangu," nikasema.

Nikasikia anajifuta pua.

"Baba, sema tena," akasema. "Mtandao unakatakata."

Mtandao ulikuwa safi kabisa. Nilikuwa nasikia hadi kuku wa jirani yake huko Arusha.

Nikasema tena.

Kesho nikitoka bandarini nitampigia nimwambie tena, hata kama atasema amesikia.