Chungu cha gesi na kikohozi cha mume wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na tafadhali usisubiri zamu yangu ifike kwenye kipindi chako cha redio, kwa sababu naandika ujumbe huu nimejificha nyuma ya jiko na mume wangu anakohoa ndani. Mimi ni Mkisi wa kando ya ziwa, mfinyanzi kama mama yangu, nimeolewa huku Bujonde kwa Wanyakyusa wa mpunga na kakao, na mume wangu Angetile kazi yake ni kupamba sherehe, na watu wanampenda kwa sababu maputo yake hayalali chini, yanapaa mpaka dari ya kanisa. Ile gesi hainunui, anaitengeneza mwenyewe, anachanganya kostiki ya kutengenezea sabuni na maji na vipande vya sufuria chakavu, inachemka yenyewe bila moto, na kwa kuwa ndoo za plastiki zilikuwa zinalainika kwa joto akaniambia nimfinyangie chungu kikubwa chenye shingo nyembamba, nami nikafinyanga, nikakichoma vizuri, nikajisifu kwamba chungu cha Kikisi hakishindwi na kitu.

Jana mvua ilishika, akaingiza chungu kwenye ghala la mpunga, akafunga mlango na dirisha ili maputo yasilowe, akaiacha gesi itoke huku yeye anakula. Aliporudi, mle ndani huwa giza hata mchana, akabonyeza swichi ya taa. Mshauri, kishindo kile sijawahi kukisikia maishani. Mlango uling'oka, yeye akarushwa mpaka kwenye kichanja cha kukaushia kakao, vigae vya chungu changu vikajaa uwanja mzima. Nilipomfikia alikuwa ameungua nyusi tu, damu hakuna, akaamka anacheka, akasema, "Umeona, Mungu yupo," kwa sauti kubwa mno kwa sababu alikuwa hasikii.

Tulipofika zahanati alinikonyeza niseme ameanguka kutoka kwenye kichanja, nikasema hivyo, tukapewa dawa za maumivu. Baba mkwe alikuwa Ndandalo kualika watu, aliporudi Angetile akamwambia tairi la pawatila, lile trekta dogo la kulimia mpunga, limepasuka likang'oa mlango, kwa sababu kesho ni sherehe ya miaka hamsini ya ndoa ya wazee na hataki kumharibia baba yake furaha. Leo asubuhi anahema kama aliyepanda mlima, analalamikia tumbo, sikio la kushoto halisikii kabisa, na kitambaa alichokoholea nimekiona kina povu jekundu. Bado anang'ang'ania nimchomee chungu cha pili leo hii, nimeshakifinyanga kiko kivulini kinakauka, eti maputo ya baba lazima yapae, na hospitali haendi mpaka sherehe ipite.

Mtu anayeweza kumwamrisha Angetile ni baba yake peke yake. Na mimi ni mkamwana. Familia hii bado inashika mila, mkamwana hasimami mbele ya baba mkwe, hamtazami, hamsemeshi, nikimwona njiani naingia migombani mpaka apite. Mama mkwe nimemwambia, amenijibu, "Usitutie mkosi kabla ya sherehe, mwanangu anatembea, mgonjwa gani anatembea?" Naogopa kukaa kimya na naogopa kusema. Nifanye nini? Ndaga fijo kwa kunisikiliza.

Mimi Rut

Rut, nakujibu hapa hapa kwenye simu. Redioni barua yako tutaisoma siku nyingine na majina tutayabadilisha.

Kwanza pole, mwanangu. Sasa sikia. Mumeo ni mgonjwa mahututi anayetembea. Nimempigia daktari wa majeruhi ninayemwamini, nikamsomea ujumbe wako, hakuningoja nimalize. Gesi hiyo ni haidrojeni. Haina rangi wala harufu, na ikishachanganyika na hewa kwenye chumba kilichofungwa, cheche ndogo ndani ya swichi inatosha kuilipua. Watafiti wa majeraha ya milipuko wanajua jambo hili vizuri: ule msukumo wa hewa unaweza kupita mwilini bila kuchana ngozi, ukaumiza sehemu zenye hewa ndani yake, yaani masikio, mapafu na utumbo. Mtu anainuka, anacheka, anaomba chai. Halafu mapafu yanavuja damu taratibu, au utumbo unatoboka baadaye. Sikio lililoziba, kuhema, povu jekundu, maumivu ya tumbo, vyote umeniandikia mwenyewe.

Na hapo zahanati mlifanya ujinga, nakwambia kwa upendo. Muuguzi alitibu mtu aliyeanguka kwa sababu ndivyo mlivyomwambia. Angejua nini? Leo mkifika hospitali ya wilaya neno la kwanza mlangoni liwe "mlipuko wa gesi, ndani ya chumba kilichofungwa." Wapige picha ya kifua, wamtazame tumbo na masikio. Asipande bodaboda. Ita bajaji, akae wima, asile wala kunywa kitu mpaka daktari aseme.

Hicho chungu cha pili usikichome. Kivunje sasa hivi, udongo urudi kwenye shimo, mimi nitabeba lawama. Kama kuna maputo yaliyobaki au mchanganyiko unaochemka, mtu asiwashe taa wala jiko karibu, asiingie na simu, paachwe wazi upepo upite, na watoto wakae mbali. Unafikiri kesho angeyajaza wapi hayo maputo? Kanisani, penye mishumaa na wajukuu wote wa mzee. Hilo ndilo lililoninyima raha tangu nisome barua yako.

Sasa baba mkwe. Mimi pia nimeolewa Unyakyusa, miaka mingi nimeingia migombani kama wewe, na sikuambii uidharau mila ya watu. Iliwekwa kwa ajili ya heshima. Hakuna mzee mwenye akili aliyeiweka ili mwanawe afe ndani huku mkewe amefunga mdomo. Mama mkwe umeshamjaribu, usimrudie, muda huo huna. Nenda alipo mzee. Ukishindwa kumtazama, geuka upande, piga magoti umpe mgongo, lakini sauti itoke: "Baba, haikuwa tairi, ilikuwa gesi, na Angetile anakohoa damu." Usiongeze maelezo. Huenda akakasirika kwamba mkamwana amemsemesha, na faini ya mila ikidaiwa tutaizungumza, hata mimi nitakuja.

Sherehe yake inaweza kufanyika bila maputo. Bila mwanawe haifanyiki. Weka simu chini, Rut, uende.